Gauni Lililoshonwa kwa Daftari

Filamu yenyewe ilikuwa ya bure, na labda ndiyo maana ilikuwa mbovu. Fundi ni mwanamke mshona nguo, na mumewe, ambaye kazi yake ni kutengeneza mafriji, alikuwa amefufua mashine ya barafu ya jumba la sinema, na meneja kwa furaha akamtunuku tiketi mbili za Jumamosi alasiri. Mume akaja nazo nyumbani kifua mbele. Alisema miaka kumi na tisa ya ndoa hawajawahi kukaa gizani pamoja isipokuwa umeme umekatika. Fundi akafunga duka lake la kushona saa nane, akavaa viatu vyake vizuri, akamfuata.

Hadithi ilikuwa ya wasichana wawili, marafiki wa kufa na kuzikana, waliojikuta wamepanga harusi siku moja. Basi ikawa vita. Mmoja akawaelekeza wanamuziki wa mwenzake msibani, wakafika na matarumbeta yao huku watu wanalia. Mwingine akamwaga gundi ndani ya viatu vya harusi vya mwenzake. Mabwana harusi walikuwa wamesimama tu pembeni, kazi yao kutabasamu. Mwishoni wale wawili wakagongana mlangoni, mashela yakasokotana, wakatazamana, wakaangua kicheko, wakakumbatiana, na harusi mbili zikawa moja. Kutoka kugongana hadi kukumbatiana hazikupita dakika mbili. Fundi alihesabu.

Mume alicheka mpaka soda ikampalia. Fundi alikaa mkono wake wa kulia ameuficha chini ya mkoba, kama anavyofanya siku zote akiwa mbele za watu.

Nje, mume akafuta macho, akasema ile hadithi ni ya Fundi na yule Chachu wake hasa, na kwamba wangekuwa na akili wangeiuza mapema, sasa hivi wangekuwa wanatembelea gari. Fundi akamjibu kuwa filamu ilikuwa ya ovyo. Mume akataka kujua ovyo yake iko wapi, mbona jumba zima limecheka.

"Hakuna hata mmoja aliyeona haya," Fundi akasema.

Mume akamwambia ni vichekesho, mke wangu, haya ya nini tena. Ni mwanamume mwema yule, na kuhusu gesi na kompresa hakuna wa kumfundisha kitu, lakini mambo mengine mpaka uyafungue skrubu ndiyo ayaone. Wakarudi nyumbani kwa miguu. Yeye akisimulia upya kipande cha gundi, na mkewe akiitikia bila kusikia.

Afadhali tumweleze Fundi tangu mwanzo, maana mwenyewe kujieleza hawezi. Angeweza, angekuwa amekwisha kufanya hivyo miaka mingi.

Walikua nyumba ya pili na ya tatu, yeye na huyo Chachu. Chachu aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kukaa mahali bila mahali hapo kufura. Akiingia kwenye chumba cha watu watatu, baada ya muda utadhani wako kumi. Fundi alikuwa mtoto wa kona, wa kukata nguo za mwanasesere na kunyamaza. Watu walisema ni chanda na pete. Palipo na mmoja hukuwa na haja ya kumtafuta mwingine.

Walipokuwa na miaka kumi, walipanda ukuta wa shule kuiba mapera ya jirani. Niseme vizuri: aliyepanda ni Chachu. Mwenzake alibaki chini kulinda. Chachu akajaza mapera kwenye sketi, akageuka, akaona ukuta ni mrefu kuliko alivyoupanda. Akaogopa. Fundi akanyoosha mikono, akamwambia, "Ruka, nitakudaka." Akaruka. Na Fundi, alipomwona anakuja, mzima mzima, mkubwa kuliko alivyotarajia, akasogea. Hatua moja tu.

Mfupa wa mtulinga wa kushoto ukavunjika. Chachu akamwambia mama yake ameteleza kwenye ngazi za shule, peke yake, na hakuna fimbo iliyomtoa kwenye maneno hayo. Siku ya tatu, mkono umefungwa kifuani, alimuuliza rafiki yake kwa sauti ya chini mbona ulisogea. Fundi akasema hakusogea. Chachu akamtazama kidogo, kisha akahamia kwenye habari nyingine, na hakuuliza tena.

Mfupa uliunga vibaya. Tangu hapo bega la kushoto la Chachu likawa chini ya lile la kulia kwa upana wa vidole viwili. Ukimwona amevaa, hulijui. Hulijui kwa sababu Fundi, tangu aliposhika cherehani, alimshonea kila nguo akiweka pedi ndogo ndani ya bega la kushoto, nene ya vidole viwili, imefichwa kwenye bitana. Aliitengeneza kwa macho na kwa mkono. Kwenye daftari lake la vipimo, ukurasa wa Chachu ulikuwa na kifua, kiuno, nyonga na urefu kama wa mteja mwingine yeyote. Habari za bega hazikuandikwa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Fundi naye alikuwa na lake. Mwaka wa kwanza wa kujifunza kushona, sindano ya cherehani ya umeme ilimpitia kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kidonda kikaoza, kikapona, kidole kikabaki kimenyooka kama rula. Alijifunza kushika sindano kwa dole gumba na kidole cha kati, na kazi yake haikushuka hata kidogo, lakini kitu chembamba cha kukandamiza kwa nguvu, kama kisu, kilimtoka mkononi mbele za watu, akaona aibu ya kufa. Wengine walijifanya hawaoni. Chachu peke yake ndiye aliyeona, akacheka, akambatiza jina: Kidole. "Kidole, njoo ule." "Kidole, umelala?" Ni jina la kumtia mtu simanzi, lakini lilitoka kinywani mwa Chachu kama neno la kubembelezea mtoto, na duniani kote hakuna mwingine aliyelitumia.

Wakawekeana ahadi wakiwa na miaka kumi na minane, wamekaa juu ya magunia ya unga katika duka la mikate ambako Chachu alikuwa amepata kazi. Wa kwanza kuolewa, wa pili awe msimamizi wake. Na haidhuru nini kitatokea, Kidole atashona gauni la Chachu, na Chachu ataoka keki ya Kidole. Chachu alikata picha ya gauni kutoka gazetini palepale: shingo pana, inayokaa mabegani. Gauni la namna ile mtu mwenye bega kama lake hathubutu kulivaa. Alilichagua kwa sababu alijua ana fundi.

Wote wawili walichumbiwa mwaka mmoja. Chachu na mwalimu wa hesabu, Fundi na huyu wa mafriji. Fundi alimdokeza mwenzake kwamba anaitaka ile Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, kwa sababu kaka yake anayefanya kazi mbali atakuwa na likizo. Wiki mbili baadaye akasikia Chachu amelipia ukumbi wa manispaa, Jumamosi ileile.

Hakusikia kwa Chachu. Alisikia kwa shangazi yake, mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, na ambaye taarifa ikipita kwake ilitoka na chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki. Redio alisema Chachu ametamka kwamba wa kungoja na angoje. Chachu alikuwa amesema tu kwamba mwalimu hana siku nyingine, na ukumbi nao hauna, na kwamba angekuja kuzungumza. Lakini hilo lilijulikana baadaye, na siku hizo Fundi hakutaka kujulishwa. Akaenda mbio akachukua ukumbi wa shule, siku ileile, saa ileile. Ukumbi wa shule na wa manispaa zinatenganishwa na barabara moja tu.

Hapo vichekesho vikaanza, na ningependa kuwaambia filamu ilitia chumvi, lakini haikutia. Chachu akichapisha kadi mia mbili, Fundi anachapisha mia mbili na hamsini. Fundi akisema wasindikizaji sita, kesho yake Redio analeta habari kuwa ng'ambo wamefika wanane. Majirani walipokea kadi mbili za siku moja, wakakaa kupima wapi kutakuwa na nyama zaidi. Mwenye kukodisha viti alinunua pikipiki mwaka ule. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho ni ahadi ya gauni na keki. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuivunja, kwa sababu wa kwanza ndiye angekuwa mbaya. Kwa hiyo Chachu alituma kitambaa cha gauni, cheupe, kizito, kizuri, kupitia Redio. Fundi akamrudishia ujumbe kwamba aje apimwe. Jibu la Chachu, na hili Redio alilifikisha bila kuongeza kitu, lilikuwa fupi: si unanijua? Shona tu.

Fundi aliyasikia maneno hayo kama dharau. Kwamba mimi si wa kutembelewa. Kwamba mimi ni wa kutumwa. Miaka mingi baadaye aliyageuza na kuyageuza, akayaona mengine kabisa yaliyokuwa ndani yake, lakini siku ile aliona dharau, na dharau ilimfaa.

Akafungua daftari. Kifua, kiuno, nyonga, urefu. Alikata gauni kwa daftari, akalishona kwa daftari. Mshono ulikuwa safi kuliko wowote aliowahi kushona. Alikuwa mwangalifu mno, kama mtu anayejua atakuja kukaguliwa. Ilipofika zamu ya bega la kushoto, pedi ilikuwa juu ya meza. Alikuwa ameikata tayari. Mikono ilijikatia yenyewe kwa mazoea. Aliitazama. Akajiambia kuwa mteja hajaja kupimwa, na fundi hashoni asichopimishwa. Hilo ni neno la kweli, muulize fundi yeyote. Akaichukua ile pedi, akaiweka kwenye kopo la vifungo, akafunika bitana, akashona.

Hakumwaga gundi, hakuchana kitu. Mtu angekuja na futi kupima gauni lile, asingepata kosa hata la uzi. Ndiyo sababu nasema ule ubaya wake ulikuwa wa mtu mwerevu.

Gauni lilipelekwa Ijumaa alasiri, likiwa ndani ya mfuko wake. Jumamosi, saa nane, magari yakafika pande zote mbili za barabara, spika zikatazamana, nyimbo zikapigana juu ya vichwa vya watu. Wageni walikula huku, wakavuka, wakala kule. Fundi alikuwa dirishani, shela halijabandikwa vizuri, wasindikizaji wakihangaika naye, alipomwona Chachu akishuka garini.

Alishuka na mkono wa kulia umevuka kifua, kiganja juu ya bega la kushoto. Akamsalimu mama mkwe kwa mkono ule mwingine. Akatoa kile kiganja mara moja tu, kumpokea mtoto maua, na shingo ya gauni ikateleza ikaanguka hadi nusu ya mkono, na bega likaonekana na watu wote, limelala chini, mfupa umetuna pale ulipounga vibaya. Mama mkwe akalitazama. Dada wawili wa mwalimu wakatazamana. Chachu akalivuta gauni juu, akarudisha kiganja, akatabasamu, akaingia ukumbini.

Fundi alisikia raha. Lazima niseme, maana yeye mwenyewe amejilazimisha kukumbuka: alisikia raha, nayo ilidumu kiasi cha kufunga kifungo kimoja. Baada ya hapo akalipa dirisha kisogo.

Saa kumi ukafika wakati wa keki. Keki ilikuwa imeletwa mchana ule na kaka yake Chachu, ghorofa tatu, krimu nyeupe, na ua moja tu jekundu upande wa mbele wa ile ya chini. Watu walishangaa. Redio alikuwa ametabiri kuwa italetwa mbichi, au haitaletwa. Fundi alishangaa pia, lakini zaidi aliogopa, kwa sababu ya kisu. Watu mia mbili na hamsini, kamera, na kidole chake kile. Mume akaweka mkono juu ya wake, lakini mkono wa bwana harusi ni wa picha, haukandamizi. Kaka yake Chachu, aliyekuwa bado amesimama karibu na meza na kofia mkononi, akamsogelea, akamnong'oneza.

"Dada kasema uanzie kwenye ua, Kidole."

Akaweka kisu kwenye ua. Kikashuka. Hakukandamiza kitu, kisu kilizama chenyewe hadi sahani, kikapanda, kikashuka tena upande wa pili, na kipande kikatoka kizima, kizuri, watu wakapiga makofi. Kilikuwa kimekwisha kukatwa. Mtu alikuwa amekikata kwa uangalifu, akakirudisha mahali pake, akaziba nyufa kwa krimu, akaweka ua ili kuonyesha njia.

Fundi akalia. Watu wakasema bibi harusi ana furaha. Mume, kwa mkono uliopakwa krimu, akamfuta machozi, na mpiga picha akaipata hiyo, na ndiyo picha iliyoko sebuleni kwao mpaka leo. Kila mgeni huisifu.

Kama mambo yangeishia hapo, labda angeweza kuishi nayo. Lakini mpiga picha wa mji alikuwa amepiga harusi zote mbili, na alichagua picha moja kuiweka kwenye kioo cha studio yake, barabara kuu, karibu na duka la Fundi. Alimchagua Chachu. Bibi harusi amesimama wima, macho mbele, kiganja cha kulia juu ya bega la kushoto. Wenye kujua walijua alikuwa ameshika nini. Wakwe walijua, na Redio alieneza kuwa walilalamika mwaka mzima kwamba walifichwa kasoro. Wasiojua waliona pozi. Na pozi likapendeza. Mwaka uliofuata bibi harusi mmoja akapiga picha hivyo, kiganja begani, halafu watatu, halafu ikawa ndiyo desturi ya studio ile: ukivaa gauni la shingo pana, unaweka kiganja. Wasichana walikuja kwa Fundi na kumwambia, fundi, nataka gauni la kushika bega. Akawapima. Akawashonea. Miaka kumi na tisa, kila msimu, alishona aibu yake mwenyewe kwa vipimo vya wengine, na wakamlipa, na wakamshukuru.

Chachu hakusema neno. Hilo ndilo lililomshinda Fundi. Alijipanga kwa matusi, akawa na daftari lake tayari, ukurasa umefunguliwa, aonyeshe kwamba yeye alishona alichoandika. Hakuja mtu kukagua. Walikutana sokoni, wakasalimiana. Habari za nyumbani, nzuri, za watoto, wazima. Chachu alifungua duka lake mwenyewe la mikate, lenye tanuri mbili, na nguo zake akawa anashonesha kwa fundi mwingine ng'ambo ya mji, ambaye hakujua kuweka pedi, kwa hiyo mtaa mzima ukalizoea bega lake na mwisho haukuliona tena. Fundi ndiye aliyeendelea kuliona. Na katika salamu zile zote hakuitwa Kidole hata mara moja. Aliitwa dada, kama unavyomwita mtu ambaye jina lake hulijui.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo aliporudi kutoka sinema. Jumapili nzima alimchukia yule msichana wa gundi kwa sababu alikumbatiwa. Mchana aliinamia kabati, akatoa kopo la vifungo. Pedi ilikuwa bado chini, imegeuka rangi ya chai. Jumatatu asubuhi akaitia mkobani, akamwambia mume anakwenda kununua mkate. Mume akasema mkate upo. Akasema anataka mwingine.

Duka la Chachu lilikuwa na harufu ya joto na sukari iliyoungua kidogo. Palikuwa na mwanamke mmoja mbele yake, anachagua maandazi kana kwamba anachagua mkwe. Chachu, aproni nyeupe, unga hadi kwenye viwiko, alimhudumia kwa upole, akamfungia, akamwambia karibu tena, dada. Kisha wakabaki wawili. Chachu akauliza habari za nyumbani. Fundi hakujibu nzuri. Akafungua mkoba, akaiweka ile pedi juu ya kaunta ya kioo.

Chachu aliitambua. Yeyote mwingine angedhani ni kitambaa cha kushikia sufuria.

"Sikuisahau," Fundi akasema. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno mengi njiani, yote yalimkimbia. "Niliikata, nikaiona, nikaiacha."

"Najua."

"Tangu lini?"

Chachu akachukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta pale palipokuwa safi. Akasema tangu alipolitoa gauni mfukoni asubuhi ile ya harusi na kulishika bega kwa ndani. Akasema mama yake alitaka kushona kitu haraka, hata soksi iliyokunjwa, muda ulikuwepo, na yeye akamkataza.

"Ulimkataza kwa nini?"

"Nilidhani utakuja. Nilisema yule lazima atakumbuka, atavuka barabara mbio na sindano mdomoni, shela lake linaburuta, tutacheka. Nikakaa kitandani na gauni nimevaa. Nikangoja mpaka gari likapiga honi."

Fundi alitaka kusema kitu kuhusu keki. Alisema hakuwahi kushukuru. Akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yake, kama kile kipande kilikatwa Ijumaa, kabla gauni halijafunguliwa. Miaka yote alikuwa ameshikilia tumaini hilo, kwamba labda Chachu alikata akiwa hajajua.

"Nilikata baada ya gari kupiga honi," Chachu akasema. "Keki ilikuwa mezani, nikawaambia wangoje. Nilivaa aproni juu ya gauni. Kaka yangu akaniuliza nina wazimu au nini. Nikamwambia ile ni keki ya Kidole."

Lile jina likapita kati yao, na Fundi akaliinulia uso, lakini lilikuwa limesemwa kuhusu mtu mwingine, mtu wa zamani, na wote wawili walilisikia hivyo. Chachu akaweka kitambaa chini. Hakuwa na hasira. Fundi alikuwa ameitafuta hasira usoni kwake, na angeipokea kama zawadi.

"Ulisogea," Chachu akasema.

Hakusema lini. Fundi alihisi uso unawaka moto, masikio, shingo, kama mtoto wa miaka kumi aliyesimama chini ya ukuta na mikono iliyonyooka. Safari hii hakukataa.

"Nilisogea."

"Basi," Chachu akasema, kwa sauti ya mtu aliyengoja jibu muda mrefu na sasa amelipata, nalo halimtoshi kununua kitu. Akaisukuma ile pedi taratibu upande wa Fundi, kwa ncha ya kidole. Akauliza kama anataka mkate mweupe au wa ngano nzima.

Fundi akasema mweupe. Mlango ukafunguliwa, akaingia baba mmoja na watoto wawili wa shule, wakapanga foleni nyuma yake. Chachu akaufunga mkate kwenye karatasi, akakunja pembe vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyowakabidhi wote.

"Karibu tena, dada," akasema, na tayari macho yake yalikuwa kwa yule baba. Fundi akashukuru kama wateja wanavyoshukuru, akatia pedi mkobani, akatoka.